Kupeleka Kidato cha Tatu Mikumi: mwongozo kwa mwalimu anayeandaa ziara ya kwanza ya hifadhini

Kila muhula ukikaribia kufungwa, simu yangu haipumziki. "Mwalimu, nataka kupeleka vijana Mikumi, naanzia wapi?" "Kiingilio tunalipa getini?" "Basi kubwa linaingia?" Nimechoka kujibu mmoja mmoja, kwa hiyo nayaweka hapa yote kwa pamoja. Nafundisha Biolojia sekondari na nimesimamia ziara kadhaa za hifadhini. Mbili za mwanzo zilikuwa matembezi tu. Zilizofuata zikawa somo. Kilicholeta tofauti si fedha wala wanyama tuliobahatika kuwaona. Ni karatasi moja ya kujaza, na nitaieleza kwenye hatua ya 6.

Mfano wangu ni Hifadhi ya Taifa ya Mikumi, mkoani Morogoro, maana ndiyo ninayoijua vizuri na ndiyo inayofikika kwa urahisi na shule nyingi za Morogoro, Pwani na Dar es Salaam. Barabara kuu iendayo Zambia inapita katikati yake kwa takriban kilomita 50. Kama shule yako iko kwingine, badilisha jina la hifadhi, hatua zinabaki zilezile.

Vitu vya kuwa navyo kabla hujaanza

- Miezi miwili. Chini ya hapo utakimbizana na mihuri.
- Barua ya mkuu wa shule yenye mhuri, na kibali cha Afisa Elimu Sekondari wa halmashauri yako.
- Fomu za ridhaa zilizosainiwa na wazazi au walezi.
- Orodha ya wanafunzi yenye tarehe ya kuzaliwa na uraia wa kila mmoja.
- Nakala ya kadi ya gari litakalowabeba.
- Mwalimu mmoja kwa kila wanafunzi 15 au pungufu. Kama kuna wasichana, lazima awepo mwalimu wa kike au matroni.
- Darubini. Tatu zinatosha basi zima. Za kuazima hazina ubaya.
- Penseli. Kalamu huvuja au hugoma kuandika pale pale unapoihitaji.
- Sanduku la huduma ya kwanza lililokaguliwa, si lile lenye bandeji moja na chupa tupu ya spiriti.

Hatua kwa hatua

1. Anza na swali, hifadhi itafuata.
Waalimu wengi huanza na jina la hifadhi kisha wanatafuta cha kufundisha. Geuza. Kaa na mada za muhula, utoe swali moja ambalo wanafunzi wanaweza kulijibu kwa kuhesabu wakiwa ndani ya gari. Mifano: Swala pala wanakaa katika makundi ya ukubwa gani? Wanyama wanalisha karibu na barabara kuu au wanaikwepa? Kwa watu wa Jiografia: mimea ya bonde la Mkata (lililo ndani ya Mikumi) inatofautianaje na ile ya vilima vya miombo, na udongo unahusikaje?

Swali ndilo litakalokuchagulia mahali. Kama ni msitu wa milimani, Mikumi siyo. Nenda jirani yake, Udzungwa, ambako hakuna barabara za magari ndani na kila kitu ni kwa miguu. Kuna maporomoko ya Sanje yenye urefu wa mita 170 hivi, na kuna nyani wa aina ya mangabe wa Sanje, ambaye wanasayansi hawakumtambua mpaka mwaka 1979. Shule za Mwanza zina Saanane, kisiwa kilicho mbele ya jiji, mnafika kwa boti. Shule za Pwani zina Saadani, ambako pori linakutana na Bahari ya Hindi.

*Angalizo:* Si kila eneo lenye wanyama liko chini ya TANAPA, shirika linalosimamia hifadhi za taifa. Ngorongoro ina mamlaka yake, mapori ya akiba yako TAWA (mamlaka ya wanyamapori), misitu ya hifadhi iko TFS (wakala wa misitu). Nimeona barua ya shule ikizunguka wiki tatu kwa sababu tu ilipelekwa ofisi isiyohusika.

2. Panga tarehe kwa kuangalia mvua, kisha kalenda ya shule.
Kati ya Juni na Oktoba nyasi zimepungua, maji ni machache, wanyama wanajikusanya sehemu chache na mnawaona. Likizo ya Juni inafaa sana. Machi hadi Mei usijaribu na basi: bonde la Mkata lina udongo mweusi ule unaonata, ukilowa gari linateleza kama limepakwa sabuni. Oktoba nayo ina shida yake, Kidato cha Nne wako ukingoni mwa mtihani na nusu ya walimu hawatoki.

3. Andika barua ya hifadhini.
Iende kwa Mkuu wa Hifadhi, ipitie kwa mkuu wa shule. Taja idadi ya wanafunzi wa kiume na wa kike, idadi ya walimu, kidato, tarehe, saa ya kuingia, aina ya gari, na swali lenu la utafiti. Hilo la mwisho watu hulisahau, na ndilo linalokupatia mwongozaji anayefaa. Ukiandika "ziara ya mafunzo" bila zaidi, utapewa yeyote aliye zamu. Ukiandika "tunataka kuhesabu makundi ya swala pala", mara nyingi atatafutwa mhifadhi anayependa mambo hayo.

Uliza mambo manne kwenye barua hiyohiyo: viwango vya sasa vya vikundi vya shule, kama kuna hosteli ya wanafunzi yenye nafasi, kama kuna mhifadhi wa kuzungumza na wanafunzi, na kama barabara mnazotaka ziko wazi. Idara ya Ujirani Mwema ndiyo iliyozoea kushughulika na shule, waombe hao.

4. Kamilisha orodha, kisha lipa.
Viingilio vinatofautiana kwa umri na uraia. Mwenye miaka 5 hadi 15 yuko kundi la watoto, kuanzia 16 ni mtu mzima, na Kidato cha Tatu unawakuta wa makundi yote mawili. Kwa hiyo usizidishe kiwango kimoja kwa idadi ya vichwa. Ukiwa na mwanafunzi ambaye si raia wa Afrika Mashariki, kiwango chake ni kingine kabisa. Jua mapema umweleze mzazi wake mapema. Gari nalo hulipiwa kwa uzito wake, ndiyo maana nimesema uwe na nakala ya kadi.

Sitataja bei. Viwango hubadilika, mara nyingi mwaka mpya wa fedha unapoanza Julai, na mwongozo wenye bei ya zamani huwaponza watu. Pata ankara, uone kama kodi imeshajumlishwa, kisha lipa kwa kumbukumbu namba, ile ambayo sote tunaiita kontrol namba, kupitia benki au simu. Chapisha risiti nakala mbili. Weka na akiba ya asilimia 10 juu ya bajeti nzima.

*Angalizo:* Usifike getini na bahasha ya noti. Mimi nilifika nayo mara ya kwanza, nikaketi na vijana 42 kwenye jua zaidi ya saa moja nikihangaika kutafuta wakala wa kupitishia malipo. Swala walikuwa wanalisha hapo hapo, sisi tunahesabu hela.

5. Tafuta gari dogo kuliko unalotamani.
Basi kubwa la abiria 60 ni rahisi kwa kila kichwa, lakini ndani ya hifadhi linabaki kwenye barabara kuu za changarawe; vijia vya pembeni haliingii, na wanaokaa upande wa pili wa njia hawaoni kitu. Coaster mbili ni bora. Hakikisha vioo vinafunguka. Gari likiwa la kukodi, liwe na kibali cha safari maalumu cha LATRA, mamlaka ya usafiri wa nchi kavu, bima hai, na mkanda kwenye kila kiti.

Ongea na dereva kabla ya siku ya safari. Mwambie mambo matatu: hakuna honi ndani ya hifadhi, kila mkisimama anazima injini, na mwendo ni wa alama zilizowekwa. Kwenye kile kipande cha barabara kuu kinachokatiza Mikumi, kikomo ni kilomita 70 kwa saa mchana na 50 usiku, na kuna matuta. Dereva wa mabasi ya mkoani anaijua barabara hiyo kwa haraka zake. Mkumbushe leo amebeba watoto wa watu.

6. Fanya mazoezi shuleni, wiki mbili kabla.
Hapa ndipo ziara nyingi hufa kabla ya kuondoka. Wanafunzi wasiofundishwa kuhesabu wakifika hifadhini watapiga picha za selfi, na huwezi kuwalaumu.

Tengeneza karatasi ya takwimu yenye safu saba: saa, kituo (mahali mnaposimama kuhesabu), mnyama, idadi, wanafanya nini, umbali kutoka barabarani, na mimea ya mahali hapo. Kwenye "wanafanya nini" wape maneno manne tu ya kuchagua: wanakula, wamelala, wanatembea, wanaangalia. Ukiwaachia uhuru wataandika "wanafurahia mazingira", kisha utakaa nazo usiku kucha bila kupata jedwali.

Gawa darasa katika vikundi vya watano, kila mtu na kazi yake: mwenye darubini, mhesabuji, mwandishi, mtunza saa, mchora ramani. Wabadilishane kila kituo.

Kisha watoe uwanjani. Uwanja wa mpira una urefu wa karibu mita 100. Simamisha wanafunzi kwenye mita 25, 50 na 100, wengine wakae basini au nyuma ya dirisha la darasa wakadirie umbali. Siku ya kwanza watakosea vibaya, mtu wa mita 50 wataandika 150. Siku ya tatu wanakaribia. Baada ya hapo waambie wenzao 30 watembee ovyo uwanjani, na kila kikundi kihesabu kwa dakika moja. Majibu yatatofautiana, na hapo watajifunza wenyewe kuhesabu kuanzia kushoto kwenda kulia, bila kurudi nyuma.

Wafundishe pia kutofautisha dume na jike kwa wanyama wachache. Swala pala ni rahisi: mwenye pembe ni dume. Twiga wote wana pembe, lakini za jike zina kishungi cha nywele nchani na za dume zina upara. Nyati na nyumbu wote wana pembe, hivyo kwa hao waache waandike "haijulikani". Neno hilo nalo ni jibu, warudie kuwaambia.

7. Zungumza na wazazi, na uangalie nguo.
Fomu ya ridhaa iulize kuhusu pumu, sikoseli, kifafa, mzio na dawa anazotumia mtoto. Majibu yakae kwa mwalimu mmoja, si kwenye kundi la WhatsApp la wazazi. Beba pedi za ziada. Kati ya geti na choo kinachofuata kunaweza kuwa na masaa.

Sasa nguo. Shule nyingi zina sweta la bluu iliyoiva au nyeusi, na rangi hizo ndizo zinazowavuta mbung'o. Ziko sehemu za Mikumi zenye mbung'o wa kutosha, na wanang'ata juu ya shati. Omba ruhusa kwa mkuu wa shule wavae nguo za michezo za rangi ya kaki, kijivu au kijani kilichofifia, zenye mikono mirefu. Viatu vya kufunika vidole. Mifuko ya plastiki imepigwa marufuku nchini tangu Juni 1, 2019, kwa hiyo chakula kiwe kwenye kontena au mfuko wa karatasi.

8. Siku yenyewe.
Kosa kubwa la shule za Dar es Salaam ni kuondoka alfajiri, kuingia getini saa 6 mchana, na kutoka saa 10. Huo ndio muda ambao mnyama yeyote mwenye akili yuko kivulini. Kama mnaweza kulala usiku mmoja, ombeni hosteli ndani ya hifadhi, muingie kama saa 9 alasiri. Kwa wanaolala ndani kiingilio huhesabiwa kwa saa 24, kwa hiyo mnapata jioni ya leo na asubuhi ya kesho, nyakati mbili bora, kwa malipo yaleyale. Msipoweza kulala ndani, laleni Morogoro mjini, mwondoke gizani lakini mwingie hifadhini mapema.

Kabla gari halijaondoka getini, mwongozaji asome sheria kwa sauti yake mwenyewe: hakuna kushuka ila sehemu zilizoruhusiwa, hakuna kulisha mnyama, hakuna kuokota pembe, mfupa, unyoya wala mbegu, hakuna kelele. Wanafunzi wanamsikia mwenye sare kuliko wanavyokusikia wewe, kubali tu.

Panga vituo vitano, dakika kumi kila kimoja. Simameni hata kama hapana kitu. Dakika mbili za kwanza ni kimya, macho tu. Nane zinazobaki ni kuhesabu na kuandika. Simu moja kwa kila kikundi, nyingine zikae kwa mwalimu.

Nikupe mfano wa inavyoonekana ikienda vizuri. Kituo cha pili, karibu na Bwawa la Viboko, kundi la swala pala lilikuwa upande wa kulia. Kikundi kimoja kikaandika: 24, mwenye pembe 1. Binti mmoja akaangalia karatasi, akaangalia tena nje, akaniuliza kwa kunong'ona, "Sasa mwalimu, wanaume wengine wako wapi?" Sikumjibu. Tulipokwenda kama mita mia tatu tukakuta swala 11 peke yao, wote na pembe. Basi zima likageuka kumwangalia yule binti. Mwongozaji akaeleza kwa dakika mbili kuhusu dume mwenye himaya na makapera wanaosubiri zamu yao, na sijawahi kuona vijana wakisikiliza mada ya tabia za wanyama namna ile. Simba tulimwona pia siku hiyo, kalala, mkia tu ndio unaocheza. Kwenye ripoti zao alipata mstari mmoja.

Mkila, kaeni sehemu ya mapumziko iliyoruhusiwa na mfunge mifuko muda wote. Nyani wa Mikumi wanajua sauti ya kontena likifunguliwa. Ndizi mbivu ziacheni nyumbani kabisa.

Jioni, mhifadhi akipata nafasi, mpe nusu saa ya maswali. Kuna mtoto atauliza mtu anakuwaje mhifadhi. Mwache aeleze habari za Chuo cha Mweka, Kilimanjaro, na Pasiansi, Mwanza. Ni dakika tano tu, lakini kuna waliobadili tahasusi baada yake.

9. Funga kazi ndani ya wiki moja.
Vikundi viunganishe takwimu, vichore grafu moja, viandike kurasa mbili. Peleka nakala kwa Mkuu wa Hifadhi pamoja na barua ya shukrani. Mwaka unaofuata barua yako haitakaa chini ya rundo.

Mambo yakienda kombo

*Hamwoni wanyama.* Andikeni sifuri, na saa. Kituo chenye sifuri saa 7 mchana kikilinganishwa na chenye 40 saa 1 asubuhi ni matokeo kamili.

*Mwongozaji anakimbilia simba.* Amezoea wageni wanaotaka hivyo. Mwambie kwa heshima, mapema, kwamba mnahitaji vituo vitano kwanza na simba baadaye kama muda upo.

*Gari limekwama.* Wanafunzi hawashuki kusukuma, hata wakijitolea kwa nguvu zote. Mwongozaji awasiliane na kituo cha askari, nyinyi mfunge madirisha nusu na muendelee kuhesabu mnachokiona. Sisi tulikaa dakika 50 hivyo, na kile kikawa kituo chetu chenye takwimu nyingi kuliko vyote.

*Nyani ameingia basini.* Fungua milango yote, sogeeni nyuma, mwache apite. Asinyang'anywe alichokishika. Chapati si kitu cha kung'atwa kwa ajili yake.

*Mwanafunzi hayumo kwenye orodha iliyolipiwa.* Mwalimu mmoja abaki naye getini mpaka malipo yake yapite. Usimfiche kwenye siti ya nyuma. Askari wanahesabu, na ukikamatwa unaiharibia shule jina.

*Wazazi hawajamaliza kuchangia.* Weka siku ya mwisho wiki tatu kabla, na uishikilie. Wanaobaki nje kwa kukosa hela, wazungumzie na bodi ya shule kimya kimya, sio mbele ya darasa.

*Mvua isiyotarajiwa.* Mwulize mwongozaji barabara zipi zinapitika na mpunguze vituo viwe vitatu. Usimbishie akikwambia bondeni hakuendeki.

*Takwimu za vikundi hazifanani.* Kundi lilelile la nyati, mmoja ameandika 31, mwingine 26. Usiwape jibu "sahihi", na usiwaruhusu wafute. Waulize kwanza nani alikaa upande gani wa basi.